Mkunga wa Wadudu wa Bahari Kuu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mtafiti wetu wa wadudu wa baharini, tunayemwita Mkunga, anastaafu tarehe 30 Juni.

Jina hilo alilipata kwa haki. Mdudu wake ni mdogo kama ukucha, ana miguu mirefu, na maisha yake yote hutembea juu ya maji ya bahari kuu, mbali na nchi kavu. Jike likitaka kutaga hutafuta chochote kinachoelea: unyoya, kipande cha mbao, siku hizi hata kifuniko cha chupa. Kuwazalisha maabarani kuliwashinda wengi, maana mdudu asiyejua ukuta hujibamiza kwenye kioo mpaka afe. Mkunga alimbembeleza mumewe, fundi cherehani, amshonee pazia laini la kuzungushia tangi kwa ndani. Mawifi walilalamika kwamba wadudu wanashonewa kabla yao. Wadudu wakatulia, wakataga.

Mwingine angepongezwa. Mwaka jana, Mkunga akiwa likizo kumuuguza mama yake, mkurugenzi aliamua kwamba chumba chenye tangi lake kinafaa kupumzishia wageni. Tangi likamwagwa kwenye sinki, pamoja na unyoya uliojaa mayai yaliyokaribia kuanguliwa. Mwenyewe aliporudi alikuta makochi.

"Mama, wale si walikuwa kunguni wa maji tu?" mkurugenzi alimwambia.

"Walikuwa kazi yangu," alijibu, "na hukuniuliza."

Hakuna aliyemwomba radhi. Alipanda tena meli ya utafiti, ingawa bahari humtapisha tangu ujana, akarudi na wadudu wapya na kuwaweka kwenye korido, kando ya mashine ya fotokopi. Sote tukawa tunapita kwa kunyata. Mwezi Machi mayai yakaanguliwa, watoto wadogo kama ufuta wakaanza kuteleza juu ya maji, na Mkunga akakaa sakafuni akalia. Picha iliyotoka kwenye kipeperushi cha taasisi ni ya mkurugenzi, ameinamia tangi.

Tumeombwa tuushukuru uongozi hapa kwa kumwezesha. Hatutaushukuru. Tunamshukuru yeye, na mumewe kwa pazia.

Alipoulizwa anataka zawadi gani, alisema anataka chumba, kwa ajili ya binti anayeishika kazi yake. Basi Ijumaa tumelirudisha tangi chumbani kwa mikono yetu wenyewe. Makochi yako uani, na wageni wanakaribishwa kuyakalia huko huko.

Kwaheri, dada yetu. Tunakutakia afya njema na asubuhi nyingi zisizo na vikao.