Mzee Vikombe na Rafu Yake

Marehemu, aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Mzee Vikombe, alizaliwa tarehe 14 Machi 1946, mtoto wa nne wa fundi saa na mshona mashuka. Wasifu huu unasomwa na kifunguamimba wake, fundi rangi, ambaye marehemu asingemchagua kwa kazi hii hata kwa dawa. Aliyemchagua ni mama mjane, na leo neno la mama ndilo linalofuatwa.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya kituo cha reli na kumaliza mwaka 1961. Mwalimu wake aliandika kwenye ripoti kwamba ni mtoto mwenye akili, asiyesahau kosa la mwenzake. Marehemu aliitundika ripoti hiyo ukutani mpaka uzeeni, akiamini amesifiwa.

Mwaka 1964 aliajiriwa kiwanda cha viatu, idara ya soli, na alikaa huko hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 1981. Tarehe 9 Oktoba 1971 alifunga ndoa na binti wa jirani, fundi cherehani, wakajaliwa watoto wawili, wa kiume mwaka 1974 na wa kike mwaka 1978. Ndoa hiyo ilidumu miaka hamsini na moja. Watu wakimuuliza mama siri ya ndoa ndefu, hujibu kwamba alikuwa na kazi nyingi.

Sasa tuje kwenye baa, maana ndiyo iliyowaleta wengi wenu hapa. Tarehe 3 Februari 1979 mama alitoa cherehani yake chumba cha mbele, akaweka mabenchi mawili na kreti sita za bia. Marehemu alimwambia kama anataka kujiaibisha, ajiaibishe peke yake. Miaka miwili baadaye kiwanda kikafungwa, naye akaingia nyuma ya kaunta na hakutoka tena. Mama akahamia jikoni. Mwaka hadi mwaka simulizi ikabadilika, mpaka watu wakawa wanasema Mzee Vikombe ndiye aliyeanzisha baa, naye hakumkatalia mtu.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Pale ndani ndoa ngapi zilisuluhishwa? Kamati za mazishi zilikaa pale, barua za mtaa ziliachwa pale, na mteja asipoonekana siku mbili marehemu alituma mtu kumgongea mlango. Fundi viatu wetu yu hai leo kwa sababu hiyo. Alikutwa sakafuni, hawezi hata kuita. Kila mteja wa kudumu alikuwa na kikombe chake cha bati kwenye rafu, kikiwa na alama yake: msumeno wa seremala, mkasi wa kinyozi, nyundo ya fundi viatu. Alama zote zilichorwa na kifunguamimba. Marehemu mwenyewe hakuonja pombe maisha yake yote. Kikombe chake kilikuwa cha chai ya rangi, na alikuwa akiipuliza huku akiwatazama mkilewa.

Sheria ilikuwa moja. Ukimkosea, kikombe chako kilibaki rafuni, lakini mdomo chini. Hukuhudumiwa, na hakuna aliyekusemea lolote. Kwa maneno haya watu wanaweza kucheka, ila wakandarasi walikuwa wakija pale kila Jumatatu mchana kutafuta mafundi, na aliyepinduliwa hakutajwa.

Tarehe 3 Februari 2004 baa ilitimiza miaka ishirini na mitano. Kinyozi, kwa niaba ya wateja, alisimama kumshukuru marehemu kwa wazo lake la kuanzisha baa. Mama alikuwa mlangoni na sinia la glasi. Kifunguamimba akasimama, akasema, "Aliyeianzisha ni mama." Wanaume waliokalia yale mabenchi mawili ya kwanza, waliohudumiwa na mama kwa mikono yake, wakatazama ndani ya vikombe vyao. Marehemu hakupandisha sauti. Alichukua kikombe cha mwanawe, akamwaga kilichokuwemo, akakirudisha rafuni kikiwa kimepinduliwa.

Kilikaa hivyo miaka kumi na tisa. Miaka minne ya mwanzo kifunguamimba alipaka rangi nyua za watu upande wa pili wa mji, akitembea saa moja na nusu kwenda na hivyo hivyo kurudi. Rafiki zake walivuka barabara wakimwona. Mpo hapa, na karibuni sana.

Tarehe 2 Machi 2023 marehemu alipatwa na kiharusi kilichochukua upande wa kulia. Ulimi ulisalimika. Kifunguamimba, akipitia mlango wa nyuma, ndiye aliyemwogesha, aliyemlisha na kumgeuza kitandani miezi mitatu. Siku moja, akimkausha miguu, alishindwa kujizuia.

"Baba, kikombe changu je?"

"Omba radhi kwanza."

"Kwani nilisema uongo?"

"Ulisema kweli. Mbele za watu."

Mama akamsihi mwanawe aombe tu, heshima si utumwa. Basi yule mtu mzima wa miaka arobaini na tisa akapiga magoti kando ya kitanda, akaomba radhi kwa kusema kweli. Marehemu alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nitafikiria." Alifariki siku ya tatu yake, tarehe 11 Juni 2023, saa nne asubuhi, akiwa bado anafikiria.

Leo asubuhi kifunguamimba aliingia kwenye baa ile kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Alitegemea kukuta kikombe chake kimejaa vumbi. Kilikuwa kinang'aa. Mhudumu akamweleza kwamba kila Jumamosi marehemu alikiosha mwenyewe, akakifuta, akakishika kidogo, kisha akakipindua tena, na tangu kiharusi alimwagiza yeye mhudumu aendelee hivyo hivyo. Kusahauliwa, kifunguamimba alishakuzoea. Kukumbukwa kila Jumamosi kunamuuma kuliko kifo chenyewe.

Mama alimwambia akiinue. Mkono ulikataa. Badala yake alivipindua vingine vyote, kuanzia cha kinyozi hadi cha marehemu.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano, na vikombe arobaini na viwili midomo chini. Baa itafunguliwa kesho saa tano asubuhi, na nyuma ya kaunta atakuwepo mama. Anayetaka kikombe chake kiinuliwe, asimame mbele za watu aseme ni nani aliyeianzisha. Cha marehemu kitabaki kama kilivyo, maana nafasi ya kusema alikuwa nayo miaka arobaini na miwili. Kilichosimama wima rafuni ni kimoja tu, chenye picha ya cherehani. Hadi jana hakikuwepo. Rangi yake haijakauka, msikiguse.

Mzee Vikombe alale salama, nasi tuliobaki tupate usingizi.