Siku Mdomo Wangu Ulipokataa Saksofoni

Bwana asifiwe, ninyi wa mtaa wetu huu wa Bellevue na ninyi mliopanda kutoka mtaa wa Bertrams! Naitwa Neema, mzaliwa wa Bukavu. Wengi mnanijua kama yule dada wa saluni anayesuka huku akiimba. Leo nasimama kumshukuru Mungu aliyenirudishia uso wangu.

Ndugu zangu, kazi yangu nyingine ni muziki. Naimba na kupuliza saksofoni katika bendi ya rock. Tena si rock ya kawaida! Gitaa linalia kama limetoka mwezini, wimbo mmoja unachukua nusu saa, na mimi nimevaa gauni linalometameta kama karatasi ya kufungia kuku wa kuchoma. Chekeni tu, hata mimi hucheka.

Basi tukaalikwa kwenye tamasha kubwa la hapa mjini. Nilimtangazia kila mteja, hata wale waliokuja kununua mafuta ya nywele tu!

Asubuhi moja, napiga mswaki, maji yakanichuruzika kidevuni. Kutazama kioo, upande wa kushoto wa uso umelala! Jicho halifumbiki, mdomo umepinda. Eish! Nilipiga kelele mpaka wapangaji wote wakatoka vyumbani. Kliniki wakasema mshipa wa fahamu wa uso umepooza, wakanipa vidonge. Wengi hupona, wakasema, ila lini, hawakuweza kuniahidi.

Nikajaribu saksofoni. Pumzi ikatokea pembeni, fyuuu, kama tairi lenye pancha. Nikaifungia kwenye sanduku lake, nikajifungia na mimi. Saluni siendi, kanisani siji. Nilijua watu watasema Mungu amenipiga kwa sababu ya muziki ule.

Aliyebisha hodi ni Mama Riziki, mke wa mchungaji wetu. Nikamwambia, "Mama, labda Mungu amechoka na kelele zangu."

Akaketi kitandani. "Neema, mapafu hayo alikupa nani?"

"Mungu."

"Basi usimsingizie. Lete mkono tuombe, halafu umeze dawa yako."

Akawa anakuja kila asubuhi. Tukimaliza kuomba tunakaa mbele ya kioo, tunavimbisha mashavu kama walivyoelekeza kliniki. Naye Thabo, mpiga ngoma wa bendi yetu, akanitumia ujumbe wa sauti: "Sista, hatutafuti mwingine. Usipoweza kupuliza, utasimama tu ung'ae."

Siku moja Mama Riziki alivimbisha mashavu kwa nguvu mpaka kilemba kikamwangukia puani. Nikacheka! Akaruka: "Neema! Pande zote mbili! Umecheka na pande zote mbili!" Kweli, pembe ya mdomo ilikuwa imeinuka, kidogo tu. Haleluya! Tulilia, tukacheka, tukacheza chumba kizima.

Tamasha likafika kabla sijapona vizuri. Noti za juu zilinikataa kabisa, nikapuliza zile nzito, ndefu, na wenzangu wakanifuata huko chini. Watu wakashangilia! Mama Riziki alikuwa mbele kabisa, vidole masikioni, anacheza.

Leo uso umenyooka, kama mnavyouona. Asante Yesu! Asante Mama Riziki!

Sasa, ndugu yangu uliyejifungia ndani kwa aibu, dawa meza, Mungu mwamini, na mlango fungua. Usisubiri upone ndipo umwendee Bwana. Mimi alinipokea uso ukiwa bado umepinda!