Dada Mwajabu, Hajambo wa Siku Zote

Bismillahi. Marehemu dada yetu, Bi Mwajabu binti Mwinshehe, alizaliwa Mkange tarehe 3 Mei 1961. Alisoma hapohapo, akamaliza darasa la saba mwaka 1976.

Mwaka 1983 aliolewa na Mzee Abdulrazak, aliyetangulia mbele ya haki 2014, wakaishi Dunda. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mpishi wa chuo Mbegani, akiinua masufuria ya wali yaliyowashinda wanaume. Ukimuuliza hali, jibu lilikuwa moja: "Sijambo, alhamdulillahi." Jibu hilo limetutesa, jamani!

Mgongo ulimwanza 2019, mpaka akawa anaswali kwenye kiti. Hilo ndilo lililomliza. Alitaka kusujudu.

Agosti 2021, Dar, daktari kijana alimdunga sindano ya kupima. Anatia ganzi pingili moja ya uti wa mgongo. Maumivu yakikata, chanzo ni hapo, yasipokata anatafuta pengine. Akauliza, "Mama, unajisikiaje?"

"Sijambo, alhamdulillahi."

Daktari akaandika kwamba maumivu yamekata. Nje, dada akashindwa kupanda gari.

"Dada, si umesema yameisha?"

"Chausiku, mtoto wa watu kahangaika. Nimwambie mabaya usoni?"

Nikataka kurudi ndani, akanishika mkono. "Usiniaibishe." Nami mdogo mtu nikatii, hasira zimenijaa. Miaka miwili na ushei wakatibu pingili isiyo na kosa. Nilimgombeza, nikamnunia. Mola anisamehe.

Tarehe 14 Januari 2024 niliingia naye mwenyewe. Nikamwambia daktari mpya, Dk. Batul, "Usimuulize hali. Mwambie aokote kandambili zake." Akadungwa kwenye pingili ileile ya zamani, hakuweza kuinama. Wiki mbili baadaye akadungwa chini zaidi, mgongo unapokutana na nyonga. Akainama, akaziokota, akavaa mwenyewe. Akalia kwa kwikwi. Kumbe ni hapo!

Alitibiwa hapo tarehe 11 Februari, na kesho yake akasujudu. Siku kumi na tisa tu, baada ya miaka yote ile! Tarehe 2 Machi kiharusi kikamwangusha. Muuguzi alipomuuliza hali, mdomo umepinda, akasema, "Sijambo." Alifariki alfajiri ya tarehe 3.

Ameacha watoto wawili, Mikdad na Samia, wajukuu watano, na mimi mdogo wake ninayesoma haya. Mwenyezi Mungu amrehemu, ampumzishe pema. Nanyi mkiniuliza hali leo, nitawajibu kweli: naumia.