Chokaa Iliyokufa na Matumbawe Yaliyobaki

Walimu wangu, shikamooni. Wazazi, shikamooni. Nanyi wenzangu wa chama cha elimu ya viumbe, mnisamehe, nitasoma. Nikisimama bila karatasi ulimi hunikauka, na haya ninayoyasema nimekwisha kuyaandika kwenye daftari langu kwa muda mrefu, mengine kwa hasira hata kalamu ikatoboa ukurasa.

Mnalijua lile sanduku la kioo lililo dirishani katika chumba chetu cha sayansi. Mwalimu wetu alipokwenda likizo alinikabidhi mimi. Si kwamba nilikuwa hodari. Nilikuwa sina maneno, akadhani nina utulivu. Ndani mlikuwa na matumbawe saba hai na visamaki viwili. Akaniambia, "Mkuu wa shule anakitaka chumba hiki kiwe ghala la madaftari. Nikirudi nikakuta yamekufa, sina la kumjibu."

Kazi ilikuwa nyepesi. Tumbawe hujijengea mifupa kwa chokaa iliyomo ndani ya maji ya bahari. Hali kadhalika maji yanahitaji nguvu kama ile ya magadi, ya kuyazuia yasiingie uchachu. Vyote viwili hupungua kadiri tumbawe linavyokua. Basi kila juma nilete ndoo mbili za maji mapya ya bahari, nitoe ndoo mbili za zamani. Basi.

Ikaja masika. Ndugu zangu, nawaambia, mvua ile ilinionea. Mito ilimwaga matope, pwani yote ikawa rangi ya chai ya maziwa, na maji ukiyaonja hayana hata chumvi ya kutosha. Nilirudi na ndoo tupu juma la kwanza, la pili, la tatu. Vile vincha vyeupe vya matumbawe, vinavyoonyesha kwamba yanakua, vikapotea. Ikanibidi nichague njia nyingine ya kuyalisha, na hapo ndipo nilipoanza kuanguka.

Kwanza nilisaga makombe ya pwani nikayamwaga chini ya sanduku. Nilisema kombe ni chokaa, litayeyuka. Rafiki yangu tunayekaa dawati moja akachungulia.

"Wewe, umewahi kuona samli ikiyeyuka kwenye maji baridi?"

"Subiri," nikamwambia.

"Nasubiri. Hata makombe yenyewe yanasubiri."

Siku kumi. Hakikuyeyuka hata kipande. Tumbawe la kwanza likanyauka nyama, fupa likabaki.

Nikakumbuka gunia la chokaa walilolisahau wapaka kuta nyuma ya bweni. Nikawa nachota kijiko kila siku, nakoroga, natia. Maji yanatibuka kidogo, kisha yanatulia, na hakuna linalobadilika. Nikaongeza vijiko viwili. Vitatu. Nilikasirika mno, kwa sababu nilikuwa nafanya jambo lililo sahihi na halifanyi kazi! La pili likafa, kisha la tatu. Wenzangu wakanipa jina, Bwana Chokaa. Najua mmo humu, na mnacheka hata sasa.

Katika siku hizo ikafika barua ya mwalimu, anauliza hali. Nikamjibu kwamba yote ni mazima. Nimeiandika sentensi hiyo kwa mkono wangu, mwandiko mzuri kabisa.

Baada ya uongo ule nikawa sina subira tena. Nikachukua magadi jikoni kwa mama, donge zima, nikayayeyusha, nikayamwaga pamoja na chokaa kwa mara moja, nikidhani vikikutana vitasaidiana. Loo! Maji yaligeuka maziwa mbele ya macho yangu. Ule unga mweupe ukashuka ukayafunika matumbawe kama vumbi la mashine ya kusaga. Chokaa iliyokuwa ndani ya maji ya bahari yenyewe, ile njema, magadi yaliikamata na kuiangusha chini. Samaki wote wawili wakaelea, na tumbawe la nne halikuamka.

Nilikwenda nyumbani Ngamiani nikakaa barazani nyuma, sitaki kula. Shangazi yangu alikuwa kaja kutusalimu, anakunja tambuu lake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Uso huo umefiwa na nani?"

Sijui kwa nini nilimwambia yeye. Nilimwambia yote, na barua pia. Nilikuwa na chokaa ile ndani ya karatasi mfukoni. Akanyoosha mkono, akachota kwa kidole, akaiweka ulimini. Akatema.

"Hii imekufa, mwanangu."

"Chokaa inakufaje?"

"Ukiiacha wazi kwenye gunia, upepo unaila, inarudi kuwa jiwe. Chokaa hai huuma. Hebu onja yangu."

Akafungua kopo lake. Chokaa ya tambuu ameilaza chini, juu yake maji maangavu kama ya kisima. Nikagusa yale maji tu, ulimi ukaniwaka.

"Sasa kama hutaki vumbi," akasema, "chota ya juu, ya chini iache. Na usiwe na pupa. Mimi nikijaza kinywa chokaa yote kwa mara moja, nitabaki na meno gani?"

Mama akacheka jikoni. Mimi nilikaribia kulia. Majuma yote yale nilikuwa nalisha mawe kwa mawe, na ndani ya nyumba yetu kila mtafuna tambuu angeweza kuniambia kwa ncha ya ulimi.

Nikaacha magadi, nikaacha gunia, nikatoa unga taratibu kwa mpira wa kunyonyea maji. Nikachukua chokaa mbichi kutoka tanuru la wachoma chokaa, nikailaza majini katika chupa yenye kifuniko, maana ikiachwa wazi hufanya utando juu na kuanza kufa. Kila siku maji ya sanduku hukauka kiasi cha nusu kidole. Nikawa nayarudishia kwa yale maji maangavu peke yake, alfajiri, kwa kopo lenye tundu la sindano, tone baada ya tone. Chokaa inaingia, nguvu ya kuzuia uchachu inaingia pamoja nayo, wala havigombani. Baada ya majuma matatu, tumbawe lenye umbo la pembe za paa likatoa kincha cheupe kidogo kama punje ya mchele.

Mwalimu amerudi Jumatatu. Nilimpokea mlangoni, nikamwambia kabla hajaingia: yamebaki matatu, na barua yangu ilikuwa ya uongo. Akaingia, akayahesabu matumbawe moja moja mpaka nikatamani anipige. Akasema, "Chumba nitakiombea. Wewe utawaeleza watu."

Mkuu wa shule ametupa muhula mmoja zaidi. Namshukuru. Namshukuru shangazi, ambaye hakuja leo kwa sababu anasema shule ina viti vigumu. Namshukuru rafiki yangu wa dawati, aliyecheka lakini akanishikia mpira.

Bado najikasirikia, sitawaficha. Mvua sikuweza kuizuia, lakini mawili kati ya yale manne yalikufa wakati nimekwisha kujua kwamba nimeshindwa, na bado nilikuwa nimenyamaza. Mtu mwenye haya hudhani kimya chake hakimuumizi mwingine. Ukiona kitu kinakufia mikononi, sema kingali hai.