Mama Laurentine Kunda, Mwalimu Aliyetafuta Watu wa Mtaa wa Sinagogi

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko, Katuba, Ruashi, Kampemba, mpaka ninyi wa njia ya Kasenga mnaotupata vizuri leo. Mimi ni Hénoc Mutale. Leo tunamkumbuka mwalimu. Jina lake Laurentine Kunda. Alifundisha historia hapa Lubumbashi karibu maisha yake yote. Alituacha mwezi uliopita, akiwa na miaka sabini na mmoja.

Nyumbani kwao, Noeli ilikuwa na chakula chake: bureka. Ni vimikate vilivyokunjwa, ndani biringanya na fromage, yaani jibini. Mama yake alivipika kila mwaka. Laurentine alikua akiamini kwamba bureka ni neno la Kibemba.

Mama yake alipofariki, Laurentine alikwenda Kasomeno kwa shangazi yake, Bwalya, ili afundishwe kuvipika. Shangazi alicheka sana.

"Bureka? Huku hatuijue. Mama yako alifundiwa ile ku ville, kwa Bayahudi ba Rhodes. Alipikaka kwabo mbele ya kuolewa. Hakukuambia?"

Hakuwa amemwambia. Laurentine alirudi mjini akiwa na aibu kidogo. Alimwambia binti yake, Cathy: "Mi mwalimu wa historia. Na historia ilikuwa mu nyungu ya mama yangu, sikuiona."

Hapo ndipo alipoanza. Alichukua mwavuli wake mweusi, akaingia mitaa inayozunguka sinagogi, pale katikati ya mji. Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes walifika kwetu mwanzoni mwa karne iliyopita. Walifungua maduka ya vitambaa. Nyumbani waliongea Kihispania cha zamani. Dukani waliongea Kiswahili chetu. Baadaye wengi waliondoka. Majumba yakabaki, yakapata wenyeji wengine, na watu wakasahau.

Majirani walimtania. "Madame Kunda, unatafuta nini kwa Bayahudi? Balikuachia almasi?"

"Natafuta bantu," alijibu, akaendelea kugonga milango.

Na si wenye nyumba peke yao. Alitafuta pia walioishi vyumba vya nyuma: wapishi, washonaji, mayaya. Kwake ulikuwa mtaa mmoja.

Kwa wewe uliyefungua redio sasa hivi: tunamkumbuka Mama Laurentine Kunda, mwalimu aliyetafuta historia ya mtaa wa Wayahudi hapa Lubumbashi.

Sasa nisikilizeni. Mwaka mmoja alikuja mzee kutoka Ulaya. Jina lake Ariel. Alizaliwa hapa, akaondoka akiwa mtoto. Alikuwa na haja moja tu: kuona kaburi la dada yake mdogo, Myriam, aliyekufa kwa malaria akiwa na miaka mitatu. Lakini upande wa Wayahudi kwenye makaburi, mawe mengi yalikuwa yamepoteza maandishi. Mzee alizunguka siku nzima. Akakata tamaa.

"Mama, tuache tu," alimwambia Laurentine. "Nimechoka."

Laurentine hakuacha. Alimuuliza: "Nani alikuwa anababeba mu mugongo, weye na Myriam?"

Mzee akafikiri. "Yaya Mapalo. Wa Lukafu."

Kesho yake Laurentine alipanda gari la Lukafu, mvua ikinyesha, barabara matope matupu. Aliuliza nyumba kwa nyumba. Mapalo alikuwa amekufa zamani. Lakini aliacha binti, Germaine. Naye anaishi wapi? Katuba! Hapa hapa Lubumbashi.

Walipomfikia Mama Germaine na kumweleza shida yao, aliwashangaa. "Kaburi ya Myriam? Naijua. Kila mwaka tulikuwaka tunaenda na mama kufagia pale. Mama alikufa, nikaendelea mi mwenyewe."

Hakuna aliyemtuma. Hakuna aliyejua.

Aliwaongoza makaburini, akasimama mbele ya jiwe lisilo na herufi hata moja. Lilikuwa safi. Juu yake palichongwa ua dogo. Ariel alipoliona lile ua, alilikumbuka. Aliweka kiganja chake juu ya jiwe, na kwa muda mrefu hakukiondoa.

Germaine akasema polepole: "Mama alisemaka, Myriam njo wa kwanza kumuita mama. Mi nilizaliwa kisha."

Mzee akainua uso. "Na Mapalo analala wapi?"

Walikwenda siku ile ile, kwenye makaburi ya cité, mitaa ya wenyeji. Ariel aliokota kijiwe, akakiweka juu ya kaburi la yaya wake. Germaine akauliza ni cha nini. Akajibu: "Ni kusema, nilifika."

Tangu siku ile, Mama Laurentine alipowatembeza wanafunzi wake katika ile mitaa, alisimama mbele ya kila nyumba na kutaja majina mawili: la mwenye nyumba, na la aliyepika ndani yake. Cathy anasema: "Maman alikataaka kabisa kutaja moja na kuacha ingine."

Mwishoni moyo wake ulichoka. Hakuweza kutembea tena. Basi wanafunzi wa zamani wakaja kwake, wakaketi kando ya kitanda, wakamsimulia majina waliyoyapata katika ile mitaa. Alisikiliza akiwa amefumba macho, akitabasamu.

Wakati wa kilio, Mama Germaine alikuja na wanawake wa Katuba, wakapikia watu mpaka mwisho. Ariel hana tena nguvu ya kusafiri. Alipiga simu. Cathy aliinua simu ile juu ili watu wote wasikie, na mzee akasema kwa Kiswahili chetu hiki hiki: "Nilikuja kutafuta dada moja. Mama Laurentine alinipatia bawili."

Mama Germaine alifunika uso kwa kitambaa.

Cathy, na ndugu wote wa Mama Kunda, hapa mjini na kule Kasomeno, tunawapa pole. Tunalia pamoja nanyi. Na tunawashukuru, kwa sababu mlikubali kutugawia mama yenu.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, leo muulizeni mkubwa wa nyumba: nani alikaa hapa kabla yetu? Nani alipika, nani alifagia, nani alizikwa wapi? Na akianza kujibu, usimwambie angoje. Zima redio. Hata kama mimi bado ninaongea, zima, umsikilize yeye.