Aya ya Elimu ya Mama Ruth Mong'ina

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani wa Ikonge na wageni mliotoka mbali, nimesimama kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya mama yetu, Ruth Mong'ina Omosa. Mimi ni Mokeira, kitinda mimba wake. Kaka yangu Fred ndiye aliyepewa kazi hii kwanza, tena ana sauti nzuri kuliko yangu, lakini Baba alimnyang'anya. Sababu yake mtaisikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 huko Birongo, Kaunti ya Kisii, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Angwenyi na marehemu Mama Nyanchera. Ulikuwa msimu wa kupanda. Nyanya alizoea kutusimulia kwamba aliacha jembe shambani asubuhi, na kabla mtu hajaenda kulichukua, Mong'ina alikuwa tayari analia nyumbani.

Alisoma shule ya msingi hapo Birongo kuanzia mwaka 1964 hadi 1970. Alifaulu mtihani wa darasa la saba, akaitwa shule ya upili ya wasichana. Mwaka huohuo kaka yake naye aliitwa, na nyumba ile ingeweza kusomesha mmoja tu. Akaenda kaka. Mama hakuwahi kumlaumu mjomba wetu, na walipendana hadi mwisho. Fred alipoandika wasifu huu mara ya kwanza, aliishia hapo: "Alisoma hadi darasa la saba." Baba aliusoma, akavua miwani, akasema, "Rudia. Huyu si mama yako umeandika." Akanipa mimi karatasi.

Tarehe 12 Desemba 1976, Mama alifunga ndoa kanisani na Mwalimu Zachariah Omosa wa Ikonge, Kaunti ya Nyamira, aliyekuwa akifundisha Kiingereza katika shule za msingi. Walijaliwa watoto watatu. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa kwenye majani chai na migomba. Alichuma chai yake mwenyewe hadi mwaka juzi, aliketi kwenye kamati ya kituo cha majani, na kanisani aliongoza akina mama wa Dorkasi kwa miaka mingi. Wale mliowahi kuletewa uji naye mkiwa wagonjwa mnajua pia kwamba aliyekataa kuumaliza alisimamiwa mpaka aumalize.

Sasa turudi kwenye elimu, maana hapo ndipo penye neno.

Mwaka 2016 tulienda Nyacheki kumzika Mama Nyanchama, rafiki yake wa tangu utotoni. Mama Nyanchama alikuwa mtu wa akili nyingi. Alikuwa anajua mashamba yote ya upande ule, nani alirithi wapi na mpaka unapita wapi. Wasifu wake uliposomwa, kwenye elimu msomaji alisema, "Alisoma kidogo, kisha akaolewa," akageuza ukurasa. Watu hawakuona kitu, maana akina mama wa umri wao wote husomewa hivyo. Mama yangu aliinamisha kichwa. Tulipofika nyumbani aliketi jikoni na kitambaa chake cha kanisa bado kichwani, akaniambia, "Mokeira, mimi mkinisomea hiyo ya 'alisoma kidogo', nitaamka hapo kwa jeneza niwasahihishe."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Mwaka uliofuata dada yangu Phanice, ambaye ni mwalimu Eldoret, alimletea simu janja, akamwonyesha kwamba vyuo vikuu vingi duniani huweka mihadhara yao mtandaoni bure, kuanzia somo la kwanza hadi la mwisho, kwa yeyote anayetaka. Mama aliuliza mara tatu kama ni bure kweli. Aliuliza pia kama hawatakuja baadaye kudai pesa. Alipohakikishiwa, alianza na somo la udongo, kwa sababu chai yetu ya upande wa chini ilikuwa inageuka manjano. Kutoka udongo akaingia historia, akaingia sheria za ardhi, akaingia mwili wa binadamu, na mwisho nyota. Phanice alikuwa akija likizo anamjazia masomo mapya kwenye kadi ya simu, kwa kuwa mtandao wa kwetu mnaujua.

Alisoma kwa heshima. Mwalimu akianza kuongea kwenye simu, Mama alivaa kitambaa safi na hakuna sufuria iliyoguswa. Hakumkatiza mwalimu kati bila kumwomba radhi. Kiingereza kilipomshinda, alimwita Baba amfasirie kwa Ekegusii, na hapo ndipo nyumba ilipochangamka.

"Huyu wa leo anaongea ni kama anakimbizwa," Baba alikuwa akilalamika.

"Basi mrudishe nyuma. Wewe si ulifundisha Kiingereza?"

"Nilifundisha watoto wa darasa la nne, Ruth."

"Na mimi ni wa saba. Tafsiri."

Ndivyo Baba alivyojifunza udongo bila kupenda.

Alipomaliza somo lile la udongo, hakulala vizuri. Kwetu kikapu kikija kimejaa hakirudishwi kitupu, na hapa mtu alikuwa amemfundisha tangu mwanzo hadi mwisho, naye hajampa hata kikombe cha chai. Kwa hiyo siku moja ya Agosti 2018 alifunga jogoo miguu, akachukua mkungu wa ndizi mbivu na majani chai, akaenda hadi chuo kikuu kimoja mjini Kisii. Aliwaza kwamba wahadhiri wote wanajuana, kama walimu wa tarafa moja wanavyojuana. Askari wa langoni alimuuliza anamtafuta nani.

"Mwalimu wa udongo," Mama akasema. "Ni mzungu mzee ako na ndevu, akianza kuongea anakohoa kidogo."

Mungu ambariki askari yule, hakumcheka. Alipiga simu ndani, na akatoka Daktari Ombui, ambaye leo yuko nasi hapa, ameketi pale karibu na kwaya. Alimsikiliza Mama mpaka mwisho, kisha akamweleza taratibu kwamba mwalimu yule yuko ng'ambo na hawajawahi kukutana.

"Lakini si mko kazi moja?" Mama akamuuliza.

"Tuko kazi moja, Mama."

"Basi chukua wewe kwa niaba yake."

Daktari Ombui hakutaka kumrudisha mtu mzima na mzigo. Akachukua. Jogoo aliliwa Jumapili, ametuambia mwenyewe. Wiki iliyofuata Mama alimpigia simu, akamsalimia na kuuliza hali ya watoto, kisha akasema, "Daktari, sasa umekula. Utatufundisha lini?"

Mtu akishakula kuku wa mama wa Kigusii hana pa kujificha. Daktari Ombui alikuja Ikonge na vijana wawili wa studio ya chuo na kamera yao, wakasimama katikati ya chai yetu, akafundisha udongo kwa Kiswahili na kwa Ekegusii. Alirudi tena mara nyingi. Masomo hayo yako mtandaoni bure hadi leo, na kila somo linaanza na sauti ya Mama akisema, "Mwalimu, naomba kuuliza." Maswali hayakuwa ya kupangwa. Alikuwa hajui, na alitaka kujua. Wakulima kutoka Birongo hadi Nyacheki wameyasikia, na wengine mmetuambia mlibadilisha mbolea kwa sababu yake.

Mwaka 2023 Mama aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo. Alianza kwenda Kisii kusafishwa damu. Tunawashukuru kwa moyo wote wauguzi waliomhudumia, na majirani waliochuma chai yake siku asizokuwepo bila kuombwa. Mama aliusoma ugonjwa wake kama alivyousoma udongo. Daktari mmoja kijana alipojaribu kumzungukazunguka, alimwambia, "Daktari, niambie tu. Hiyo figo nimeisoma mpaka nikaiota." Kijana akamwambia ukweli wote. Mama akamshukuru, akamuuliza anatoka kwa nani.

Jumanne tarehe 10 Juni 2025 alilazwa, na Phanice akawa naye. Jioni waliendelea na somo la nyota. Walipofika katikati Mama alisema, "Simamisha hapo, nimechoka. Tutaendelea." Alfajiri ya Jumatano, tarehe 11 Juni, alilala katika Bwana akiwa na umri wa miaka sitini na tisa. Tumelia sana, na bado tunalia. Hata hivyo tunashukuru kuliko tunavyolia.

Tunawashukuru pia walimu wale wa mbali ambao hatutawahi kuwaona. Hawakumjua Mong'ina wa Birongo, hawakumuuliza cheti, wala hawakumwambia kwamba amechelewa. Walifundisha wakaacha mlango wazi, naye akaingia. Popote walipo, mbuya mono, asanteni sana.

Marehemu ameacha mumewe, Mwalimu Zachariah Omosa; watoto wake Fred Nyakundi, Phanice Nyanchera na mimi Mokeira; wakwe, wajukuu, kaka yake aliyemtangulia shuleni, na jamaa na marafiki wengi.

Jumatatu wiki hii, nilipokuwa nakamilisha maandishi haya, Baba alikuja na simu ya Mama mkononi akaniomba nimfungulie lile somo la nyota. Nilimwambia apumzike kwanza, wageni ni wengi. Akaketi kwenye kiti cha Mama.

"Mokeira," akasema, "hapo kwa elimu usiandike alimaliza, na usiandike alifika wapi. Andika alikuwa anasoma. Hayo yamebaki nitamsomea mimi."

Nikamfungulia, akavaa miwani.

Bwana amlaze salama mama yetu, hadi asubuhi ile atakapomwamsha.