Mbuzi wa Mkaguzi

Yowe likipigwa, kila mwanamume wa kata hutoka mbio. Asiyetoka huwalipa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, mbuzi mmoja. Ndani ya basi la Buseresere, Mwalimu Deusdedit aliwasikia Mama Anisia na Silvesta, katibu wa sungusungu, wakibishana juu ya polisi aliyeletwa kuwa mkaguzi wa kata yao.

"Ng'ombe wangu waliswagwa na wezi mchana kweupe, nikapiga yowe, naye hakutoka. Leo nikamweleze yeye ninaowashuku? Huenda ni rafiki zake!"

"Mama, polisi jamii ni ndugu zetu."

"Basi mtoze mbuzi, kama ndugu wengine."

"Nimtoze polisi? Labda jogoo atage!"

Mwalimu aliona kwamba katibu alikuwa shujaa kwa wasio na sare.

Basi liliposimama, abiria wa kiti cha nyuma, aliyevaa kiraia, alishuka nao, akamtoa mbuzi kwenye buti.

"Shikamoo, mama. Siku ile nilikuwa Geita, lakini sheria ni sheria. Katibu, pokea."

Silvesta aliipokea kamba kwa mikono miwili. Mama Anisia alishika masikio ya mbuzi, akaanza kutafuta alama ya mmiliki halisi.